Koti Lililopinduliwa

Mama yangu hakununua nguo kabla ya kuipindua. Hata gauni liwe zuri kiasi gani, yeye aliligeuza ndani nje kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye mishono yote, akanusa makwapa, akaliinua juani kutafuta palipoliwa na mende. Nje, alisema, nguo inakusalimia tu. Ukitaka kuijua nenda kwao, na kwao ni ndani. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kwake na mtoto mgongoni, ndoa imenishinda. Nikamwambia siku moja kwamba laiti ningempindua yule bwana kabla hajanioa, tungeepushana na mengi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ni mojawapo ya mara chache ninazokumbuka akicheka katika miaka hiyo, kwa hiyo naanzia hapo.

Tuliishi kijijini, nje ya Ushirombo, umbali wa kutoka alfajiri na kufika gulioni jua limeanza kuuma. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ya foleni. Duka la kijiji lilikuwa na rafu safi kabisa, kwa kuwa hazikuwa na kitu. Sabuni ilipokosekana tulifulia majani ya mpapai. Kitambaa kipya ulikisikia kwa watu tu, kwamba fulani kapata, na ulipofika ulikuta hata huyo fulani alisikia kwa mwingine. Waliotuvika miaka ile ni wafu. Mitumba tuliiita kafa Ulaya, na jina hilo kwetu halikuwa mzaha. Tuliamini kwamba huko Ulaya mtu akifa nguo zake hufungwa robota zikaletwa kwetu, maana ni mzima gani angeacha koti zima namna ile? Nyingine zilikuja kwa njia ya misheni. Nyingine zilivuka mpaka wa Burundi kwa baiskeli, na hizo hazikupenda kuulizwa zilikotoka.

Nguo ya kafa Ulaya haikuingia ndani ya nyumba yetu siku iliponunuliwa. Mama aliifua, akaitundika kwenye ua wa minyaa ikalala nje, ili mwenyewe, kama ameifuata, apigwe na baridi achoke arudi kwao. Alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. "Padri anaombea roho," alisema. "Nguo naishughulikia mimi."

Gulioni alikuwa mtu mwingine. Alivaa kanga iliyopauka kuliko zote, kwa sababu mchuuzi huanza kukusoma toka miguuni. Hakuwahi kwenda moja kwa moja kwenye kitu alichokitaka. Kama jicho lake limeangukia blanketi, atashika suruali, ataulizia shati la mtoto, atalalamikia kola ya hili na zipu ya lile, na mwisho kabisa, kwa mgongo wa mkono, atalisukuma lile blanketi kidogo. "Na hiki kikuukuu?" Nikisikia kikuukuu nilijua ndicho alichokijia. Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama alisema kizuri usikitazame usoni, kitakupandishia bei. Alinunua nguo kubwa kupita mwili, kwa kuwa kubwa hukatwa na ndogo haivutwi. Alinunua shati lililochanika kwa ajili ya vifungo vyake, na vifungo vikaishi maisha matatu kwenye nguo za watoto wa ukoo mzima. Asubuhi, marobota yanapofunguliwa, alipita kuangalia tu. Kununua alirudi alasiri, mchuuzi akiwa amechoka na anaufikiria mzigo wa kurudi nao.

Silaha yake ya mwisho ilikuwa mgongo. Wakishabishana hadi pa kukwama, aliweka kitu chini polepole, akashukuru, akageuka, akaondoka. Usitazame nyuma, alinifundisha. Ukitazama nyuma umeshakubali bei yake. Na kweli, hatukufika mbali bila sauti kutufuata: "Mama! Mama, rudi tuongee!" Gulio zima liliishi kwa mchezo huo, wachuuzi wakiujua na wanunuzi wakiujua, na hakuna aliyeona ni hila. Ilikuwa adabu ya kununua. Sikumbuki siku ambayo sauti ile haikuja, isipokuwa moja.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikwenda machimboni Geita mwaka ambao pamba ilikauka kabla haijafika magotini. Baba alikuwa amekwishafariki, na nyumbani palikuwa na wanawake wawili, mtoto mchanga na kijana mwenye nguvu asiye na cha kufanya. Mama hakumzuia wala hakumbariki. Alimshonea koti.

Lilikuwa koti zito la kafa Ulaya, rangi ya majivu, la marehemu mmoja mwenye mabega mapana. Mama aliyapunguza mabega kwa mkono. Bitana ilikuwa imeoza, akaitoa yote, akaweka vipande vya sketi yangu ya shule, ile ya bluu. Chini ya kwapa la kushoto alificha mfuko mdogo ambao huwezi kuuona hata ukilipindua, mpaka upapase. Uzi madukani haukuwepo. Aliuchomoa kwenye mfuko wa sukari, akausokota pajani. Uzi wa namna hiyo ni mnene, una vinundu, na mama alikuwa na tabia ya kurudi nyuma pigo moja kila baada ya mapigo machache, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mshono wake ningeutambua kwa kugusa.

Mdogo wangu akaondoka amelivaa, mchana, kwenye joto, ili kumfurahisha mama. Alituma salamu mara moja kwa dereva wa lori. Halafu kimya.

Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena. Habari za machimboni zilitufikia vipande vipande: duara limefukia watu, duara yaani shimo lao la kuchimbia, hapana, si lile, ni la jirani, hapana, wamefukuliwa wote, hapana. Wengi walichimba bila kibali, kwa hiyo aliyefukiwa hakuwa na pa kuandikwa. Mama hakulia. Alianza kupika ugali kidogo kuliko zamani, kisha siku moja akarudia kipimo kile kile cha zamani, tukawa tunawapa kuku kiporo. Alikuwa amebaki na swali moja tu duniani, kama mwanawe yu hai, na hakuwa na mtu wa kumwuliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Na mimi niliyekuwa nikilala chumba kimoja naye niliujua kidogo, kwa namna alivyoacha kukoroma.

Siku ninayoisema tulikwenda gulioni kutafuta nguo za mtoto wangu. Alasiri mama alikuwa ameinama kwenye turubai la mchuuzi mmoja kijana, mgeni, mwenye kofia ya sufu iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimbembeleza mtoto. Akashika suruali, akaiacha. Akashika sweta, akalinusa. Akavuta koti la majivu, akalipindua kama alivyopindua makoti yote, kidole gumba kikaanza safari yake kwenye mshono wa bega. Kikasimama.

Uso wake haukubadilika hata kidogo. Alilirudisha koti mahali pake, akachukua gauni la mtoto, akaliulizia bei, akasema ni ghali, akaulizia soksi. Kisha kwa mgongo wa mkono akalisukuma lile koti.

"Na hiki kikuukuu?"

Hapo ndipo nilipoiona bluu ya sketi yangu.

Leo mtu anaweza kuuliza kwa nini hakumkamata yule kijana shingoni palepale. Wanasema kuuliza si ujinga. Miaka ile kuuliza kulikuwa kitisho. Walikuwa wanasakwa walanguzi, mgambo wakipita magulioni, na swali lao lilikuwa moja tu: umevitoa wapi? Raia aliyekuuliza hivyo ulijua ni mpelelezi, ukafunga mzigo. Mama alilijua hilo. Alinieleza baadaye kwamba alikusudia kulinunua kwanza, awe mteja, akae, aombe maji, aongee habari za mvua, na katikati ya mvua amwingize mwanawe. Na hakuweza kutoa bei ya kwanza aliyotajiwa, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kutoa bei ya kwanza Ushirombo. Anayetoa ana lake jambo.

Basi akabishana. Mama yangu alibishania koti la mwanawe kwa sauti nyepesi, akilisema vibaya, kwamba bitana ni viraka, kwamba halina vifungo viwili, kwamba fundi aliyelipunguza mabega alikuwa amelewa.

"Na hili nalo limekufa Ulaya?" akauliza, akitabasamu.

"Ulaya kabisa, mama," yule kijana akacheka. "Limekuja na ndege."

Mama akalipindua tena. Akapunguza bei. Kijana akakataa. Akaongeza kidogo, kijana akatikisa kichwa, wakafika pale pa kukwama. Na mikono ya mama ikafanya kilichofanywa na mikono yake maisha yake yote: ikaliweka koti chini polepole. Akashukuru. Akageuka.

Sidhani kama aliamua. Nadhani miguu iliijua kazi yake ikaifanya bila kumwuliza. Nilimfuata, na nilipotaka kugeuza shingo alinishika mkono akaubana. "Usigeuke," akasema. Tukampita mwuza vitunguu. Tukampita mwuza chumvi. Nilikuwa nasubiri ile sauti kwa mwili mzima, hata mtoto mgongoni akaacha kulia. Tukamfikia mzee wa tumbaku na mama akapunguza mwendo, kisha akasimama, akajifanya anaangalia tumbaku, yeye asiyevuta wala kunusa.

Sauti haikuja. Tulipogeuka, mwuza samaki mmoja mwenye baiskeli na matenga matupu alikuwa amelitupia lile koti begani na anajipenyeza kwenye watu kuelekea barabarani.

Mama alikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya hapo. Lakini hakumkimbilia mwenye baiskeli. Alimkimbilia kijana wa turubai, na akalitoa kwa kelele swali ambalo alikuwa amelificha kwa ufundi wote ule. "Umelitoa wapi? Lile koti, umelitoa wapi?"

Yule kijana alishika pembe za turubai, akazikutanisha, akafunga fundo, akaliinua begani, akaondoka bila kukimbia, kama watu waliozoea. Jirani yake akafunga. Jirani wa jirani akafunga. Muda si muda pale palikuwa na udongo mtupu na mama yangu amesimama katikati yake. Mwenye baiskeli naye nilimkosa; barabara ya kuelekea magharibi ilikuwa na vumbi tu.

Njiani kurudi nilikuwa na hasira naye na sikuificha. Nikamwambia angetoa tu hiyo bei. Koti la mtoto wako linabishaniwa? Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Unadhani sijui?" Usiku hakusali rozari, na mimi ndiye niliyeianza.

Waliouza samaki gulioni walitoka Chato, kwa hiyo tukaenda Chato. Tulipanda lori la pamba, juu ya magunia. Ziwani kuna upepo, na wavuvi wa pale walivaa makoti, makoti mengi, na mama alikwenda kwa mwanamume mmoja baada ya mwingine akimshika upindo. "Samahani, baba, naomba nione ndani." Wengine walimruhusu, wakidhani ni mgonjwa wa akili. Mmoja alimfungulia koti lake lote kwa heshima, akasimama amenyoosha mikono kama mtu anayepimwa na fundi, na mama alipomaliza akamwambia, "Mungu akupe, mama." Hatukulipata.

Baada ya hapo hakuwa tena mnunuzi. Alikwenda kila gulio ambalo miguu yake ilimfikisha, akapindua makoti, akayarudisha. Wachuuzi walimjua, wakamtania kwamba mkaguzi amefika, andaeni bitana. Wengine walichoka naye wakamfukuza kwa sababu anapotezea watu muda. Watoto wa ukoo wakakosa vifungo. Mimi nilijifunza kununua peke yangu, na kila nilipoweka kitu chini na kugeuka nilirudi mwenyewe kabla ya kuitwa, nikalipa bei mbaya. Mpaka leo naitwa mjinga wa masoko.

Mdogo wangu alirudi. Niseme hivyo bila kuzungusha, kwa sababu hata yeye alikuja bila kuzungusha: mchana mmoja wa manyunyu, mimi napepeta mtama, mtu akakohoa nje ya ua. Alikuwa amekonda mpaka meno yamekuwa makubwa. Alivaa koti la kahawia.

"Shikamoo, mama."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimwendea, akamgusa uso, akamgusa masikio, kisha akashika upindo wa lile koti akaupindua, palepale mvuani, mwanawe akiwa bado yumo ndani.

Nilifikiri ni wazimu wa miaka ile unamalizikia. Lakini kidole gumba kilikuwa kinatembea, kikasimama. Akamvua koti. Kwa ndani, kwenye mgongo, palikuwa na kiraka cha pindo la kanga, jekundu lenye madoa meusi, na herufi chache za maandishi ya kanga zilizokatwa katikati. Kilishonwa kwa uzi mweusi, mapigo madogo madogo yaliyopandana, na kila pembe imefungwa fundo mara mbili. Hakuna fundi wa kulipwa anayefunga fundo mara mbili.

"Hili lina mama yake," mama akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Mdogo wangu akatazama chini. Mama akamvuta ndani, akampa uji, akamwacha anywe. Kisha akauliza tena.

Alituambia. Koti letu alikuwa ameliuza mwenyewe, alipougua na kulala wiki kadhaa bila chakula. Aliliuza kwa uji, na aliyelinunua akalipeleka anakojua. Yaani siku ile gulioni mama alipokuwa akilipapasa, mwanawe alikuwa hai, amelala kwenye kibanda cha turubai Geita. Nikamtazama mama. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa bei.

Hili la kahawia lilikuwa la mwenzake. Duarani kuna joto, watu huteremka vifua wazi na kuacha nguo juu, mdomoni mwa shimo. Wakati wa mvua kubwa ukuta ulishuka ukamfukia pamoja na wengine. Walichimba siku ile na siku iliyofuata, kisha wenye eneo wakasema basi. Nguo zilizobaki juu ziligawanywa kwa waliobaki juu. Ndiyo desturi ya kule, mtu hakatai. Mdogo wangu akaangukiwa na hilo la kahawia.

"Kwao wapi?" mama akauliza.

"Sijui."

"Mmelala kibanda kimoja, hujui?"

"Mama, kule mtu haulizwi kwao." Alisema kwa ukali, kisha akashusha sauti. "Wengine wamekimbia kesi, wengine wamekimbia wake. Tulimwita Mrefu. Alisema tu mama yake ni hodari wa kununua. Kwamba akienda gulioni wachuuzi wanafunga milango."

Kafa Ulaya ningeielewa. Huyu alikuwa kafa Geita, na nilitegemea mama alifue koti lile na kulitundika kwenye minyaa alale huko mwenye nalo. Nikalichukua nilipeleke. Mama akaninyang'anya. "Huyu si wa kufukuzwa," akasema. Akalitundika ndani, kwenye msumari wa karibu na kitanda chake, na usiku nilimsikia akimtaja kwenye rozari, mwana wa mwanamke asiyemjua.

Gulio lililofuata alilibeba. Alitandika mkeka mwishoni mwa safu, akaliweka koti peke yake, limepinduliwa, kiraka juu. Mdogo wangu aliona aibu akakataa kwenda. Siku za mwanzo tulikaa wawili, mimi na mama, na watu wakacheka: nani anauza nguo imegeuzwa? Waliouliza bei aliwaambia haliuzwi. Basi umelitandaza la nini, mama? Aliwaambia linatafuta mtu. Tulikaa Ushirombo, tukaenda na magulio mengine, na kila jioni alilikunja upya, kiraka ndani, kama anayemfunika mtoto. Nilimwuliza utajuaje kama huyo mama bado yu hai. "Fundo mara mbili," akasema, na hilo kwake lilikuwa jibu.

Nisidanganye, mimi nilichoka. Nilikuwa na mtoto wa kulisha na shamba la kupalilia. Mdogo wangu alikuwepo, amerudi, anakula, lakini alikaa nyumbani kama mgeni, na nyakati nyingine nilimkuta amesimama mbele ya ule msumari mtupu. Siku moja, bila kuambiwa, aliutoa mkeka mwenyewe akauweka begani. Akatufuata mpaka gulioni, akakaa nyuma yetu, kofia ameishusha machoni.

Yule mama alikuja alasiri, saa ya kununua. Alikuwa mrefu, kanga yake imepauka kuliko zote gulioni, kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kichwani. Alisimama kwa jirani yetu. Akashika suruali, akailaumu zipu. Akaulizia shati la mtoto. Akasogea kwetu, lakini hakulitazama koti. Alitazama mkeka, akauliza kama mkeka unauzwa na ni wa ukindu wa wapi. Mama akamjibu. Akatazama mtoto wangu, akamsifu macho. Na mwisho kabisa, kwa mgongo wa mkono, akakisukuma kile kiraka chenye madoa kidogo tu.

"Na hiki kikuukuu?"

Nilihisi mama akikakamaa ubavuni mwangu. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa nyepesi mno. Mkono wake ulikuwa umerudi chini ya kanga.

"Hakina hata vifungo," akaendelea, akitazama pembeni. "Na mshono wenyewe ovyo. Unataka ngapi?"

Mama alikuwa anautazama ule mkono chini ya kanga. Nadhani alikuwa anajiona mwenyewe amesimama pale. Yule mwanamke alingoja. Kisha, kwa kuwa hajibiwi, na kwa kuwa ndivyo anavyofanya mtu mwenye akili anapotaka kitu kuliko roho yake, akatikisa kichwa, akashukuru, akageuka.

Mama aliruka mkeka. Alimkamata mkono kwa mikono yake miwili, michembe ikamwagika.

"Usigeuke," akamwambia. "Usigeuke, mayu, mama yangu. Haliuzwi. Ni lako."

Yule mwanamke akasimama. Alitutazama mmoja mmoja, mama, mimi, mtoto. Hakujifanya tena chochote. Alilichukua koti, kidole gumba kikapita kwenye mafundo, pembe hadi pembe, taratibu, mpaka zikaisha. Kisha akauliza.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Nyuma yetu mdogo wangu akasimama, akavua kofia.